Mashine Inayovuja na Vyombo vya Mtaa

Maji yalitokea tena Jumatatu asubuhi, kona ya kushoto ya mashine, palepale. Nilikuwa nimekaa mezani na kikombe cha chai, nimejiapiza kwamba sitakwenda kuangalia mpaka mashine imalize kuosha. Sikuweza. Niliinuka nikachungulia, nikarudi nikakaa, nikainuka tena. Nikaona mstari mwembamba wa maji unatoka chini ya mlango wa mashine, unafuata ufa kati ya marumaru, unakwenda taratibu kuelekea stoo.

"Yamekuja?" Mama aliuliza kutoka barazani.

"Kidogo."

"Kidogo ya kufuta au kidogo ya kudeki?"

"Ya kufuta."

"Haya, futa upesi, kabla mtani wangu wa ng'ambo hajapita."

Nikapiga magoti na tambara. Maji yenyewe hayakuwa mengi. Kilichotunyima raha ni kule yalikokuwa yanaelekea. Ndani ya stoo ile mlikuwa na vyombo vya mtaa.

Hapa Tabata, kama mitaa mingi ya huku, akina mama wana kikundi chao cha shughuli. Akifa mtu, akiolewa mtu, mtoto akipata kipaimara au akikhitimu msahafu, kikundi kinatoa vyombo: sahani, bakuli, masinia, yale masufuria makubwa ya pilau, mabirika ya kunawia, mikeka na turubai. Vitu hivyo lazima vikae nyumbani kwa mtu, na tangu niko sekondari vimekaa kwetu. Mama ndiye mtunza vyombo. Anavitoa, anavipokea, na kila kilichorudi anakiosha upya, hata kama kimeletwa kinang'aa, kwa sababu haamini kuosha kwa mtu mwingine. Kisha anafunga stoo, na ufunguo anaufunga kwenye pindo la khanga.

Baba alipofariki, vyombo hivyo ndivyo vilivyoendelea kuleta watu kwetu. Hakuna siku iliyopita bila hodi. Huyu anaulizia masinia, yule anarudisha birika, mwingine amekuja tu kuuliza kama turubai lina nafasi Jumapili, anaishia kukaa mpaka adhuhuri. Mama aliyajua ya mtaa mzima bila kutoka barazani kwake.

Halafu baridi yabisi ikamshika vidole. Vilianza kuvimba kwenye viungo, vikapinda, na sahani zikaanza kumponyoka kwenye beseni. Nikaenda Kinondoni, kwenye duka la vitu vilivyotumika, nikanunua mashine ya kuoshea vyombo. Siku ilipoletwa Mama aliizunguka akicheka. "Kabati linaoga," alisema. Lakini baada ya arusi moja na misiba miwili hakuna mtu aliyeruhusiwa kuitania. Aliipangia sahani mwenyewe, akizibana kwa viganja viwili, na sahani zilitoka safi kuliko enzi za vidole vyake.

Sasa ilikuwa inavuja, na mikeka ya kikundi ilikuwa imeota ukungu upande uliogusa sakafu. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameshakuja, akanywa maji, akasema kwa upole mwingi kwamba kikao cha Jumamosi kitafanyika barazani kwetu, na kwamba litazungumzwa suala la vyombo, kama viendelee kukaa hapa au vihamie kwa jirani wa ng'ambo ya njia. Alipoondoka, Mama alikaa muda mrefu anakunja na kukunjua pindo la khanga.

Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja. Mimi wiki hiyo sikuweza kukaa mahali. Kazini nilikuwa nasoma sentensi moja mara nyingi. Nyumbani nilikuwa nikipita jikoni bila sababu, nainama, napapasa sakafu, nainuka.

Fundi alikuja Jumanne. Ni mtu mzima wa Kiwalani, mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake hasa ni friji. Yeye ndiye aliyetufungia mashine siku ya kwanza.

"Sista, hapa ishu ni mpira wa mlango," alisema kabla hajainama.

"Wiki iliyopita ulisema silikoni."

"Silikoni ni ya nje, mpira ni wa ndani. Vinakwendaga pamoja, kama mke na mume."

"Na kabla ya hapo ulisema bomba la nyuma."

"Bomba lilikuwa bovu kweli! Si nililibadilisha?" Akamgeukia Mama. "Mama, huyu mwanao alitakiwa awe polisi."

"Angekuwa polisi ungeshakuwa ndani," Mama akamjibu.

Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Kisha akafanya kazi, na alifanya vizuri kwa kadiri nilivyoona: aling'oa mpira wa zamani, akasafisha mfereji wake kwa kisu, akaubana mpya taratibu kuzunguka mlango. Tukawasha. Wote watatu tukasimama mbele ya mashine kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Sakafu ikabaki kavu.

"Mnaona?" Fundi akafunga begi lake. "Mie nikishika kitu nimeshika."

Jumatano pia ilikuwa kavu. Mama alianza kuimba jikoni. Mimi sikuamini, kwa sababu kila fundi alipotengeneza tulipata siku moja au mbili za ukavu, kisha maji yakarudi kana kwamba yalikuwa yamesafiri tu. Alhamisi mchana nikiwa nimerudi mapema kutoka kazini, yakarudi, na safari hii yalikuwa ya kudeki.

Ndipo mtani akapiga hodi.

Huyu ni yule jirani wa ng'ambo ya njia. Mnyamwezi, mkunga mstaafu, ana chumba kikubwa cha uani na mabinti wawili wenye nguvu. Sisi ni Wazaramo, na kwa utani wa makabila yetu ana ruhusa ya kumtukana Mama mbele ya mtu yeyote, na Mama ana ruhusa hiyohiyo. Wametukanana miaka yote niliyowajua. Nadhani hawana marafiki wengine wa karibu kama walivyo wao wawili, ingawa hakuna kati yao atakayelikubali hilo.

"Shikamoo," nikamwambia nikiwa chini na tambara.

"Marahaba, mwanangu. Naona mikeka imeanikwa ukutani. Mtani, mashine yako bado inajikojolea?"

"Inajikojolea kama babu yako siku alipoiona bahari."

"Babu yangu aliifikia bahari kwa miguu, na mzigo kichwani. Wa kwako alizaliwa pembeni yake na hakuwahi kuoga."

Wakacheka. Mama alimsogezea kiti kwa mguu. Lakini mtani hakukaa. Aliangalia maji yaliyokuwa yanaingia chini ya mlango wa stoo, na sura yake ikabadilika, ikawa ile ya mtu aliyezoea kuingia wodini.

"Jumamosi, mtani, sitatania," alisema. "Chumba changu ni kikavu. Na mabinti wapo."

"Mimi sijafa."

"Nani kasema umekufa? Nimesema vidole."

Mama akaingiza mikono ndani ya khanga. Alijibu kitu kuhusu mabinti wa Kinyamwezi wanaoosha sahani upande mmoja, lakini hakikuchekesha, na wote wawili walijua. Mtani akaaga. Nikasikia geti letu, kisha lake.

"Akichukua vyombo," Mama alisema akiwa ananipa mgongo, "watu watakuwa wanapita hapa mbele wanaingia kule."

Nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni na ndoo mkononi, na nilitamani kuitupa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Niliamua kuacha kumuuliza fundi na kuiuliza mashine yenyewe, kwa utaratibu, kama unavyomuuliza mtu aliyeshuhudia ajali: ulikuwa wapi, uliona nini kwanza, kisha nini. Kilichokuwa kinanisumbua ni zile siku kavu. Sahani ni zilezile, sabuni ileile, maji ni ya tanki lilelile. Kitu kilichochanika huvuja kila siku. Hiki kilikuwa kinachagua siku.

Nikafungua mlango nikakaa chini mbele ya mashine, nikaangalia kimoja kimoja. Chini kabisa kuna panga, mfano wa panga la feni, lenye matundu madogo. Maji yanapanda humo kwa nguvu, yanatoka kwenye matundu, na msukumo wake ndio unaolizungusha. Safari hii lilikuwa limesimama likielekeza ncha yake kwangu, upande wa mlango. Nikajaribu kukumbuka Jumatano, siku kavu, nilipotoa vyombo. Nilikuwa nimelazimika kuinua kijiko kilichoanguka pembeni ya panga, na panga lilikuwa limelala kwa upana, kutoka ukuta hadi ukuta. Nililikumbuka vizuri kwa sababu kijiko kilikuwa sambamba nalo.

Nikalilaza vilevile, kwa upana, nikawasha. Nikasubiri nikizunguka meza. Sakafu kavu. Nikafungua: panga lilikuwa palepale nilipoliacha, halijasogea hata kidogo. Nikaligeuza, nikalielekeza mlangoni, nikawasha tena. Maji yakatoka kona ya kushoto.

Nilipiga ukelele. Mama akaja mbio kwa kadiri anavyoweza.

"Umeungua?"

"Halizunguki!"

"Nini hakizunguki?"

"Panga. Linabaki pale tulipolisukuma tukipanga vyombo, na likielekea mlangoni linamwaga maji yote huko. Mpira ungekuwa mpya kila asubuhi, bado yangetoka."

Nililifungua panga kwa mkono, lilikuwa limeshikwa na kikofia cha kuzungusha tu. Nikaliinua dirishani. Upande mmoja mwanga ulipita kwenye matundu. Upande wa pili palikuwa giza. Nikachukua sindano ya kufumia vitambaa, nikaiingiza tundu moja, nikavuta. Kikatoka kitu cheupe chenye rangi ya majivu, kirefu, chenye nyuzinyuzi, kikanata kwenye sindano. Nikavuta kingine. Vilikuwa vingi. Nikaviweka kwenye kisosi nikampelekea Mama.

"Hivi ni nini?"

Aliviinamia. "Plasta," alisema mara moja, kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

"Plasta ya vidonda? Inafanya nini kwenye mashine?"

Mama akakaa. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Sahani za kikundi lazima ziwe na alama chini, maana kwenye shughuli zinachanganyika na za watu, na wakati wa kugawana kila mtu anageuza sahani kuangalia alama. Alama yetu siku zote ilikuwa tone la rangi ya kucha, nyekundu. Mashine ikaila rangi ya kucha. Mama akajaribu rangi ya mafuta, nayo ikatoka. Kwenye msiba wa mtaa wa nyuma mtu mmoja akaondoka na sahani zetu mchana kweupe, akisema onyesheni alama yenu. Basi Mama akaagiza plasta duka la dawa, akakata vipande, akabandika kimoja chini ya kila sahani na kuandika herufi ya kikundi kwa kalamu isiyofutika.

"Na zikiwa kwenye mashine hazibanduki?"

"Zinabanduka baadhi. Nabandika nyingine."

"Na zile zilizobanduka zinakwenda wapi?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Zinakwenda na maji."

"Lakini mashine ilikuja na chujio, Mama. Linakaa pale chini. Lingezizuia."

Bila kuniangalia, Mama akanyoosha kidole kilichopinda kuelekea ukutani, karibu na mbuzi ya nazi. Kwenye msumari, limeoshwa, linang'aa, lilikuwa linaning'inia chujio la mashine.

"Fundi alilitoa siku ile ya kwanza," alisema. "Alisema ni la nchi za watu, huku kwetu litazibwa na wali kila siku. Nikaona nyavu zake nzuri. Linachuja tui kuliko kifumbu."

"Tumekula wali wa nazi wa chujio la mashine?"

"Na ulikuwa unaomba uongezewe."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni palepale palipolowa. Mama naye alicheka, akijifuta macho kwa nyuma ya mkono. Lilikuwa ni jambo la kwanza la kuchekesha kweli wiki nzima, na halikudumu, kwa sababu Mama aliliona linalofuata kabla yangu.

"Kwa hiyo plasta zisiingie humo," alisema.

"Hata moja. Zibanduliwe kabla ya kuosha, zibandikwe nyingine baada."

Akainuka, akaenda stoo, akarudi na sahani. Aliigeuza juu ya paja lake, akatafuta ukingo wa plasta kwa kucha. Kubandika aliweza, alikuwa anakandamiza kwa kiganja. Kubandua kunataka ncha za vidole. Kucha ikateleza. Akajaribu kidole kingine, ikateleza. Akachukua kijiko, kikakwaruza sahani na plasta ikabaki.

"Nipe," nikasema.

"Subiri."

Alijaribu tena na tena. Nilitaka kutoka jikoni, nikaogopa ataona ninatoka. Mwishowe aliniachia sahani mapajani mwangu, nikaibandua kwa mvuto mmoja, na kwa kweli ningetamani ingekuwa ngumu zaidi. Sote tulijua hesabu yake. Vyombo vya shughuli hurudi asubuhi, mimi nikiwa kazini, na mara nyingi jioni yake vinatakiwa kwingine.

"Usimwambie mtu," Mama alisema. "Kesho waone sakafu kavu. Basi."

Jioni ile nilizibua matundu yote ya panga, nikarudisha chujio mahali pake, na plasta za sahani zilizohitajika nikazibandua mwenyewe. Mashine iliosha bila kutoa tone. Nilifungua katikati kuangalia, na panga lilikuwa limehama lilipokuwa. Bado nililala vibaya.

Jumamosi wanawake walijaa barazani, wamekaa kwenye majamvi, chai ya tangawizi ikipita. Niliwasha mashine makusudi, nikasimama mlangoni kati ya jikoni na baraza, mguu mmoja huku na mwingine kule. Mwenyekiti alizungumza habari za mgonjwa wa kutembelewa, kisha za turubai lililochanika, kisha akakohoa.

"Sasa, suala la vyombo. Tuliambiwa maji yanaingia stoo."

"Hayaingii tena," Mama alisema. "Nendeni mkaangalie."

Wawili wakaenda. Wakainama, wakapapasa sakafu kama nilivyokuwa nikipapasa mimi. "Kavu," wakasema. Kukawa na minong'ono ya kuridhika. Mwenyekiti akafungua mdomo kuendelea na jambo lingine, na mimi nikapumua. Hapo palitosha. Mambo yangeishia hapo.

Mama akaniita nimletee sahani kutoka stoo. Sikuelewa, lakini nilileta. Aliichukua kwa viganja viwili, akaiweka kichwa chini mbele ya mtani.

"Bandua hiyo plasta."

Mtani akaibandua. Hata hakuangalia mikono yake alipofanya hivyo. "Hii tu?"

"Hiyo tu. Mimi siwezi."

Mama akawaeleza yote bila kupamba: rangi ya kucha, plasta, chujio na tui la nazi, na kwamba mashine itakuwa nzima siku zote zile ambazo kuna mtu wa kubandua. Mmoja akapendekeza sahani za plastiki zichongwe alama kwa msumari wa moto, mwenzake akamwuliza na zile za udongo atazichonga na nini. Hakuna aliyecheka habari ya tui. Ilikuwa ajabu, kwa sababu wanawake wale hucheka hata msibani. Nilikuwa namwangalia mtani. Neno moja tu lake lilitosha kuhamisha vyombo, na alikuwa amelisema kwangu na kwa Mama siku mbili nyuma.

Aliigeuza sahani mkononi.

"Miaka yote nawaambia Wazaramo hawana kucha," alisema, "hamnisikii."

Kicheko kikalipuka. Mama hakucheka.

"Vikihamia kwangu," mtani akaendelea, "nani ataosha? Mabinti? Mmoja posa imeshakuja, wa pili anaisubiri yake. Mie mashine sina, na mgongo wangu niliuacha wodini. Vyombo vikae hapahapa. Siku za kurudishwa nitakuja mie nibandue."

"Mtaelewana?" mwenyekiti akauliza, na swali lile lilikuwa la kweli.

Wote wakamgeukia Mama. Alikuwa anaangalia sahani mikononi mwa mtani, namna ilivyoshikwa bila shida. Nilijua anachopima. Tangu awe mtunza vyombo hakuna mtu wa nje ya nyumba yetu aliyewahi kugusa sahani zile kati ya kurudishwa na kufungiwa stoo.

"Aje," alisema. "Lakini ufunguo haugawanywi."

"Nani anautaka ufunguo wako unaonuka jasho la khanga?"

Jumatatu vyombo vya arusi vilirudi mapema. Nilikuwa nimeshavaa, begi begani, nilitakiwa niwe njiani. Mtani alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa mlangoni mwa jikoni, akaanza kubandua na kurundika. Mama alikaa karibu yake mno, akiinua kila sahani iliyomalizwa na kuielekeza kwenye mwanga.

"Hii umeacha gundi."

"Mtani, kwa mikono hii nimepokea watoto wa nusu ya mtaa huu."

"Watoto hawana gundi."

"Wana gundi kuliko sahani zako, hujui tu."

Mama akamrudishia sahani. Mtani akaikwaruza kwa kucha, akimtukana kwa Kinyamwezi. Ilipoisha Mama aliipokea kwa viganja viwili, akaigeuza, akaipeleka kwenye mashine mwenyewe, kisha akarudi kungoja nyingine. Mimi bado nilikuwa nimesimama.

"Na wewe unasubiri nini?" Mama alisema. "Nenda kazini."

Nikatoka. Nilifika kona ya njia, nikasimama, nikasikia sauti yake kutoka jikoni, kali, ya mwenye nyumba: "Rudia hii!" Na mtani akairudia.